Nani Alimwogesha Meku Anaeli

Manka mwanangu,

Sanduku lako nimeliona limefungwa, sitaligusa tena. Mambo ya blanketi, ya dawa na ya kupiga simu ukifika nimemwachia baba yako, maana yeye anayafurahia. Wewe umeshuka Moshi kusuka nywele, nyumba imetulia, na mimi nina jambo ambalo nikilisema mezani utanikatiza kwa mstari wa Biblia. Ndiyo maana naandika.

Kesho unaondoka kwenda Morogoro kuongoza huduma ya wazee kwenye usharika nisioujua. Wiki nzima nimekusikia ukiwataja wazee kana kwamba unataja vifaranga. Wazee wetu wapendwa, wazee wetu wanahitaji tabasamu. Juzi ulinionyesha picha ya bibi asiye na meno anacheka, ukasema utaibandika ofisini. Nilikuwa namenya ndizi, nikaendelea kumenya. Sikutaka kukuharibia furaha. Leo nataka kukuharibia kidogo.

Unajua kwamba niliongoza huduma hiyohiyo hapa Kirua kwa miaka mingi, na unajua kwamba siku hizi siiongozi. Yalipotokea ulikuwa chuoni, ukasikia tu kwamba mama yako aligombana na Mwinjilisti Elirehema kuhusu maiki. Hiyo ni robo ya habari, na hata hiyo robo imesimuliwa na watu wa Elirehema.

Huduma yetu ilikuwa hivi. Mara moja kwa mwezi tulipita migombani kwa kundi, akina mama kadhaa na Elirehema mbele, na kila nyumba yenye mzee tuliacha sukari na kipande cha sabuni. Kabla ya kuacha tulipiga picha. Mzee alishikishwa ile sukari, akaambiwa atazame simu, na asipotazama vizuri tulirudia. Kisha Elirehema aliomba kwa kupaza sauti, maana kwake kila mwenye mvi ni kiziwi. Tukashuka, na kabla hatujafika barabarani picha zilikuwa tayari kwenye grupu la usharika na watu wanaandika amina.

Kulikuwa na mama mmoja kati yetu, simtaji kwa sababu bado tunasalimiana, ambaye aliwauliza watu waliozaa na kulea watoto kumi, "Tumekunywa chai? Tumeimaliza yote?" Nami nikaambukizwa. Siku moja nikamuuliza mzee mmoja hivyohivyo, "Tumekunywa chai?" Akanitazama, akasema, "Wewe pengine umekunywa kwako. Mimi sijanywa." Nilicheka na wenzangu njia nzima. Sikuona kwamba mtu aliyekuwa amechekwa ni mimi, na sikurudi kumpikia chai.

Katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza mzee anafikaje chooni. Tulijua tarehe za kuzaliwa, tulijua nyimbo wanazozipenda. Lile swali la choo lilikuwa chini ya hadhi yetu.

Sasa Meku Anaeli. Utamkumbuka, yule aliyekaa juu ya mfereji, ambaye mkiwa wadogo mlipita kwake mkikimbia. Sote tulimwita Meku, kama tunavyowaita wazee wa kiume huku kwetu. Alikuwa mtu mbaya. Naandika hivyo bila kutafuta neno laini zaidi. Ujana wake wote alikunywa mbege na kumpiga mkewe, Bibi Aikande, na siku moja alimpiga kofi la sikio la kushoto, sikio likafa. Bibi alikwenda kwa wazee wa kanisa wa wakati huo, wakamwambia arudi nyumbani akapike. Akarudi, akapika, halafu akamfunga mgongoni mtoto wake wa mwisho, Godlisten, akateremka mpaka Mabogini kupandikiza mpunga kwenye majaruba ya watu. Akaishi huko, akapata jaruba lake, akazeekea huko. Mabinti zake waliolewa mbali. Godlisten peke yake, alipokua, alipanda akakaa kwa baba yake, akawa mpagazi wa wageni wanaopanda mlima. Yupo siku chache, hayupo siku nyingi.

Meku akazeeka. Akaanguka karibu na zizi la ng'ombe, nyonga ikavunjika na haikuunga sawasawa. Tangu hapo akawa mtu wa kitandani. Godlisten akiwa mlimani, majirani walimwekea uji karibu na mlango na kuikimbia harufu. Sisi tulipokwenda na sukari yetu, tulisimama uani, Elirehema akaomba akiwa uani, na siku hiyo hatukupiga picha.

Ndipo kamati ikapata wazo. Elirehema alisema, "Mzee huyu ana mke wa ndoa. Kwa nini anateseka kama mjane?" Kila mtu akaguswa. Jumapili ya wazee ilikuwa inakaribia, mgeni rasmi angetoka makao makuu ya jimbo, na tukaona jinsi itakavyopendeza: mke na mume waliotengana tangu zamani wanashikana mikono mbele ya madhabahu, na vijana wenye ndoa za kuvunjika wanajifunza. Nami nilisema amina, tena kwa moyo. Kilichotufurahisha hasa hakuna aliyekitamka. Tukimpata mke, hakuna kati yetu atakayelazimika kumwogesha yule mzee.

Tulishuka Mabogini, mimi na Elirehema, kwa gari la usharika. Tulimkuta Bibi Aikande ameketi kwenye tuta la jaruba na debe bovu, anaamia ndege. Elirehema akasimama upande wake wa kushoto na kuanza kuhubiri. Alihubiri vizuri, sauti anayo. Bibi aliutazama mpunga. Mimi nikazunguka upande wa kulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu anasema nini?"

"Anaomba urudi kwa Meku."

"Kufanya nini?"

Elirehema akahamia upande wetu. "Kumhudumia mumeo, bibi. Amekuwa mzee sasa, amebadilika."

"Amebadilika au ameishiwa nguvu?"

Elirehema akacheka kile kicheko chake cha kichungaji, ingawa uchungaji hajaupata. "Bibi, kwa Bwana hakuna lisilowezekana."

"Basi Bwana amwogeshe," Bibi akasema, akapiga debe, ndege wakaruka. "Nimesema hapana. Mnywe maji muende, jua la huku hamjalizoea."

Kwenye gari Elirehema alisema moyo wake ni mgumu, tuuweke kwenye maombi. Nikakubali. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, Manka. Mtu mzima mwenye akili zake zote anasema hapana, na sisi tunaisikia kama ugonjwa unaohitaji kuombewa. Utakutana na hilo huko uendako. Mzee akikubali unachotaka, wenzako watasema ana hekima. Akikataa, watasema amechanganyikiwa, au ana uchungu moyoni, au wanawe wamemharibu. Usishangae ukijikuta unasema hivyo na wewe. Ni rahisi kuliko kurudi kutoa taarifa kwamba umekataliwa.

Elirehema hakukubali kukataliwa. Alikwenda kwa Meku, wakazungumza, na Meku akasema mkewe asiporudi, Godlisten hatakiona kihamba, atakiuza chote. Unajua kihamba ni nini kwa kijana wa huku. Ni ile migomba na kahawa na makaburi ya babu zake, bila hicho yeye ni mpangaji tu duniani. Mwinjilisti mwenye haya angemwambia mzee anyamaze. Huyu aliyabeba maneno hayo kwa mikono miwili, akamsubiri Godlisten ateremke mlimani na midomo imepasuka kwa baridi, akampa. Godlisten akampelekea mama yake. Kamati ikaambiwa kwamba Roho ametenda kazi, Bibi Aikande amekubali kuja.

Mimi nilijua ni Roho gani huyo. Godlisten alipita kwangu akiwa njiani kushuka, akaniambia yote akiwa amesimama, hakutaka hata kukaa. Nikamjibu tuombe Mungu. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo, mimi kiongozi wa huduma.

Jumapili ikafika. Wazee walipangwa mbele kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi, kila mmoja na fulana nyeupe juu ya nguo zake, na mgeni rasmi akachelewa. Mimi nilikuwa msimamizi wa shughuli, maiki ilikuwa mkononi mwangu. Meku aliletwa kwenye kiti amefunikwa blanketi jipya. Walikuwa wamempaka mafuta usoni. Harufu ilikuwepo palepale chini ya mafuta. Bibi Aikande alikuja na mkoba mdogo, akaketishwa karibu naye, akaacha kiti kimoja wazi katikati. Mama mmoja akataka kukiondoa kile kiti. Bibi akaweka mkoba wake juu yake.

Baada ya mahubiri Elirehema aliniomba maiki. Akatangaza kwamba leo ndoa imefufuka mbele ya macho yetu. Watu wakapiga makofi, mgeni rasmi akainua simu yake. Kisha akampa Bibi maiki, akainama kumnong'oneza. Alikuwa amesimama upande wa kushoto.

Bibi akaongea, na maiki ikachukua kila neno. "Sema upande huu mwingine. Sikio hilo aliliua huyu."

Nilisikia mtoto akikohoa kule nyuma kabisa.

Elirehema akazunguka, uso umemtoka jasho, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini maiki ilikuwa karibu, "Bibi, sema tu, nimesamehe."

"Mimi nimeitwa kwa sababu mwanangu atanyimwa kihamba," Bibi akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayeeleza njia. "Kama ni kweli niambieni mbele za watu. Kama si kweli mnirudishe Mabogini, nimeacha mpunga na ndege."

Mzee mmoja wa ukoo wao, aliyekuwa ameketi na kwaya ya zamani, akasimama na fimbo yake. "Kihamba cha baba ni cha mtoto wa mwisho," akasema. "Ukoo haujakaa kubadilisha. Nani kasema vingine?"

Kamati nzima ya watu wazima, tuliokaa vikao vya chai na maandazi kwa ajili ya ndoa hiyo, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza ukoo. Kitisho cha Meku kilikuwa hewa tupu na sisi tulikisafirisha mpaka Mabogini.

Elirehema akanionyesha kwa macho nimnyang'anye Bibi maiki. Nilikuwa karibu, ingenichukua hatua chache. Sikusogea. Hilo ndilo gombano langu na Elirehema unalolisikia, Manka. Nilisimama tu. Watu wamenisifu kwa ujasiri na wengine wamenilaani, wote wamekosea, miguu ilikataa tu.

Meku naye alikuwa akimtazama mkewe. Akasema, na hakuhitaji maiki, "Mwanamke huyu hajabadilika." Mchungaji akaanzisha wimbo.

Bibi Aikande alirudi Mabogini siku ileile. Nilimsindikiza mpaka stendi, hakuniambia kitu cha maana, aliniuliza bei ya ndizi tu. Mimi nikaitwa kwenye kikao, nikaambiwa kwamba nimemwachia shetani maiki na kwamba ni vizuri nipumzike. Wanapokuambia upumzike, mwanangu, elewa. Mahali pangu akawekwa yule mama wa tumekunywa chai. Huduma ikaendelea, sukari na sabuni, ila nyumba ya Meku Anaeli ikarukwa. Walimwonea aibu, au alikuwa hana faida tena.

Nami sikwenda kwake kwa upendo. Sitaki uambiwe hivyo na mtu. Nilipita njia ya mfereji natoka kukata majani, nikasikia ng'ombe wake analia. Godlisten alikuwa mlimani, ng'ombe hajala. Nikaingia kumpa majani yangu. Ndipo nikamsikia Meku anaita kutoka ndani. Alikuwa ameita muda mrefu, sauti ilikuwa imekauka. Nilichokikuta kitandani sitakiandika, lakini mgongo wake ulikuwa na vidonda vya kulalia ambamo ningeweza kuweka ngumi. Huyu alikuwa ameombewa na kanisa zima.

Nikachemsha maji, nikamwogesha. Kesho yake nikarudi, kwa sababu vidonda vile ukiviona mara moja huwezi kusema hujaviona. Godlisten akiwepo alifanya yeye, asipokuwepo nilifanya mimi. Baba yako aliniuliza ninatafuta nini kule. Nikamwambia sitafuti kitu.

Ungetaka niandike kwamba Meku alitubu. Hakutubu. Alilalamika kwamba maji ni ya moto, halafu ni ya baridi. Alisema mtori wangu hauna nyama. Siku moja akasema, "Yule mwanamke alijua kupika mtori." Nikamjibu, "Alijua na kusikia pia, kwa masikio mawili." Akanuna siku ile yote. Uzee haukuwa umemsafisha hata kidogo, ulikuwa umempunguza nguvu tu kama mkewe alivyosema. Ule mkono niliokuwa naupaka sabuni ndio ule uliopiga, na kila nilipoushika niliukumbuka.

Kuna siku aliniuliza, "Unanichukia?"

"Sikuchukii, Meku," nikasema. "Sikuheshimu tu. Inua mkono."

Akainua. Tukaendelea.

Hilo tu ndilo ninalolijua, na limenichukua umri wangu wote kulijua. Chuoni wamekufundisha kwamba lazima uwapende kwanza, halafu huduma itafuata. Nimewaona waliopenda. Walipenda mpaka mlangoni. Wewe utakutana na wazee wabinafsi, wachoyo, waliowatesa watoto wao na sasa wanashangaa watoto hawaji. Ukingoja moyo wako uwake kwa ajili yao, watu watalala kwenye mkojo. Wadharau ukitaka, kimoyomoyo, ni haki yako. Lakini maji yawe ya vuguvugu, na ukimgeuza mtu mgeuze taratibu. Na akikuambia hapana, mwache.

Meku alikufa msimu wa kahawa, Godlisten akiwa nyumbani. Mazishi yalijaa. Elirehema alihubiri juu ya baba mwema wa familia aliyevumilia upweke, na ile kamati ilisimama kando ya jeneza imevaa fulana za huduma, ikapigwa picha. Kihamba kikaenda kwa Godlisten kama kawaida, hakuna aliyekizungumzia.

Bibi Aikande alikuja. Hakukaa kwenye viti vya wafiwa. Alikwenda nyuma ya jiko, kwenye migomba, tulipokuwa tunamenya ndizi, akaomba kisu. Nikamwekea kigoda upande wangu wa kushoto, ili mimi niwe kulia kwake. Tukamenya.

Baada ya muda akaniuliza, "Godlisten ameniambia ni wewe. Alikusumbua?"

"Alinisumbua, mama."

"Kichwa ulimwosha?"

"Nilimwosha."

Akamenya ndizi nyingine, akaitupa kwenye beseni. "Alikuwa hapendi sabuni iingie machoni. Analia kama mtoto."

"Najua," nikasema. "Siku ya kwanza nilimwingizia."

"Kwa bahati mbaya?"

"Kwa makusudi, mama. Baadaye nikaacha."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, akafunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, nami nikashindwa kujizuia. Kule mbele Elirehema alikuwa anaomba kwa sauti kubwa, akina mama wakatugeukia kwa macho makali. Hatukuweza kuacha. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na waliokuwa mbali walidhani tunamlilia.

Isome ukiwa njiani, si hapa. Sitaki tuijadili.

Mama yako